Ndege wa gramu 11 kwenye usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri

Swali: Tulihamia Minneapolis kutoka Kigoma mwaka jana. Ziwa la karibu na kwetu limeganda hadi magari yanapita juu yake, lakini bata wanasimama kwenye barafu kwa miguu mitupu, wametulia tu. Dirishani huja kindege chenye kofia nyeusi, asubuhi ambayo kipimajoto kinasoma nyuzi 25 chini ya sifuri. Watoto wananiuliza kwa nini hawafi, dubu anawezaje kulala miezi bila kula, na samaki wamekwenda wapi. Langu mimi ni moja: tukiwawekea chakula, tunawasaidia au tunawaharibu?

Jibu: Nianze na jibu fupi, dada, kisha tuingie ndani. Baridi kavu yenyewe huua wanyama wachache kuliko tunavyodhani. Wengi wanaokufa majira ya baridi wameishiwa shahamu mwilini, au wamelowa, au wameamshwa kabla ya wakati, au wamekosa hewa chini ya barafu. Mnyama mwenye damu moto anaishi kwa hesabu ya mapato na matumizi: chakula ni mapato, joto linalotoroka mwilini ni matumizi, shahamu ni akiba. Akiba ikitosha hadi chakula kingine kipatikane, nyuzi 25 chini ya sifuri si hukumu ya kifo. Minnesota yenyewe imewahi kushuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, katika mji mdogo wa Tower, Februari 2, 1996, na misitu ya huko haikubaki bila ndege. (Vipimo vyote hapa ni vya Selsiasi. Redio za huko hutangaza kwa Farenhaiti. Nyuzi 25 chini ya sifuri kwao ni 13 chini ya sifuri.)

Wapo wanaoikwepa hesabu hiyo kwa kuondoka. Mbayuwayu unaowakumbuka wakijaa kwenye nyaya za umeme nyumbani mwishoni mwa mwaka, wengi wao wametoka Ulaya na Asia, na wale wa Minnesota huenda Amerika ya Kusini. Wanakimbia njaa zaidi ya baridi: mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, na mdudu anayeruka hayupo Januari. Ndege anayeweza kula mbegu hana sababu kubwa ya kusafiri, kwa hiyo anabaki na kulipa gharama ya joto kila siku. Kundi jingine linabaki pia, ila linapunguza moto wa mwili hadi unakaribia kuzimika.

Kindege chako chenye kofia nyeusi na kidevu cheusi ni chikadii. Ana uzito wa gramu 10 hadi 12, na mchana mwili wake una joto la nyuzi 42 hivi. Asubuhi uliyoitaja, tofauti kati ya ndani yake na nje ilikuwa nyuzi 67, na kilichotenganisha pande hizo mbili ni manyoya yasiyozidi unene wa vidole viwili. Udogo nao unamgharimu. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kila gramu ya nyama, kwa hiyo joto linamtoka haraka kuliko linavyomtoka bata, na la bata linatoka haraka kuliko la dubu. Ndiyo sababu nitakaa kwake zaidi: akieleweka huyu, wengine ni rahisi.

Manyoya hayatoi joto. Kazi yake ni kuishika hewa isitembee, kwa sababu hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Kabla ya baridi kuanza chikadii huota manyoya mapya, mazito zaidi, na kila unyoya una misuli midogo kwenye shina inayoweza kuusimamisha. Akiyasimamisha yote, tabaka la hewa linaongezeka na yeye anaonekana duara. Kwa hiyo ndege aliyevimba asubuhi ya baridi hajaugua. Wa kutiliwa shaka ni yule aliyevimba saa 6 mchana, macho nusu yamefumba, na ukimsogelea haruki. Huyo huenda ana salmonela, ugonjwa wa bakteria wa tumboni, na nitalirudia hili kwenye usafi wa chombo cha chakula.

Chini ya manyoya kuna jiko lenyewe: misuli ya kifua, ile ya kurukia. Inakazana na kulegea kwa haraka bila mabawa kupiga, na karibu nguvu yote inayotumika inageuka joto. Binadamu hutetemeka akishindwa na baridi. Ndege huyu hutetemeka kama kazi yake ya kila siku, karibu usiku kucha. Kuni za jiko hilo ni mafuta aliyoyaweka siku hiyohiyo. Mwishoni mwa Desemba, mwanga wa mchana Minneapolis haufiki urefu wa saa 9, maana yake usiku una zaidi ya saa 15. Ndani ya mchana huo mfupi chikadii anaongeza karibu asilimia 10 ya uzito wake kwa shahamu, anaiunguza usiku, na kunapokucha amebaki na kidogo mno. Akiikosa asubuhi moja ya kula katika baridi kali, hesabu yake inafungwa.

Kwa kuujua udhaifu huo, kuanzia vuli huwa anaficha mbegu mojamoja, kwenye nyufa za magome, chini ya kuvu wa mitini, ndani ya majani ya misonobari yaliyokunjamana, maelfu ya maficho, na anakumbuka mengi yake kwa wiki kadhaa. Tena hukumbuka ni ficho lipi tayari amelila. Usiku unapoingia hutafuta tundu kwenye mti mkavu, hulala peke yake, na hapo ndipo hufanya jambo linaloniajabisha kuliko yote: anaushusha moto wa mwili kwa nyuzi 10 hadi 12, kutoka 42 hadi 30 na kitu. Tofauti na nje ikipungua, joto linalotoroka linapungua, na akiba inafika asubuhi. Si usingizi wa miezi. Alfajiri anajitetemesha upya hadi 42 na kutoka kwenda kula. Mti mkavu ambao watu huukata uani kwa sababu ni mbaya machoni ndio chumba chake; kama hautishii kuangukia nyumba, uache.

Sasa bata na miguu yake. Miguu ya batamaji haina manyoya wala shahamu, na ndani yake hakuna misuli ya maana: misuli inayoiendesha iko juu, ndani ya manyoya, na huivuta miguu kwa kano. Kwa hiyo mguu hauhitaji damu nyingi wala joto jingi ili ufanye kazi. Ateri zinazoshusha damu moto mguuni zimebanana na vena zinazoirudisha damu baridi juu. Zikipita bega kwa bega kwa kuelekeana, damu inayoshuka inampa joto jirani yake anayepanda, ikifika kidoleni imeshapoa hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri, na ile inayorudi tumboni imeshapata joto. Joto halifiki kwenye barafu kwa sababu limegeuzwa njiani. Mguu ukikaribia kuganda, mishipa hufunguka kidogo na kuongeza damu, kiasi cha kuzuia kuganda, basi.

Watoto wakiuliza kwa nini mguu haunati kwenye barafu, waambie ni huohuo ubaridi: ngozi iliyokwisha kuwa karibu na sifuri haiyeyushi barafu, na pasipo maji ya kuganda upya hakuna cha kunatisha. Bata huinua mguu mmoja na kuuficha ndani ya manyoya, hubadilisha, na upepo ukizidi hukaa kabisa na kuifunika yote miwili. Mdomo nao unafichwa mgongoni. Kinachomsaidia pia ni tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia: anajipaka kwa mdomo, manyoya yanabaki makavu hata akiogelea. Bata aliyechafuliwa na mafuta ya injini anakufa kwenye maji ambayo mwenzake anaogelea bila shida, maana manyoya yameshikana, hewa imetoka, maji yamefika kwenye ngozi.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini siku ya mvua yenye nyuzi 1 juu ya sifuri ni mbaya kwa wanyama wengi kuliko siku kavu ya nyuzi 15 chini yake. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kulungu wa mkia mweupe ana nywele za nje zenye uwazi ndani na sufi nzito chini yake. Theluji inaweza kukaa mgongoni pake saa nzima bila kuyeyuka, dalili kwamba joto halitoki. Mloweshe kwa mvua kisha umletee upepo, na siku hiyo anaunguza akiba ya siku kadhaa.

Theluji yenyewe, tena, ni rafiki kuliko sura yake. Imejaa hewa. Ikifika kina cha sentimita 20 hivi, ardhi iliyo chini yake hubaki karibu na sifuri hata juu kukiwa na nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa sababu udongo unatoa joto lake la kiangazi polepole na theluji inalizuia. Kati ya udongo na theluji huwa na nafasi ndogo, giza, yenye unyevu, na humo panya wa shambani na kirukanjia wanapita kwenye njia zao mchana na usiku. Kirukanjia ni mdogo na moto wake ni mkali kiasi kwamba hawezi kukaa saa nyingi bila kula. Wale wa Ulaya wamepimwa wakionekana kupunguza hata fuvu na ubongo wakati wa baridi, ili pawe na mwili mdogo wa kulisha, kisha vinakua tena majira ya kuchipua. Ndege mmoja wa msituni wa jamii ya kwale hujitupa ndani ya theluji laini akiwa anaruka na kulala humo. Miaka mibaya kwao wote ni ile yenye theluji haba, au ile ambayo mvua inanyesha juu ya theluji na kufanya gamba gumu: kwale hawezi kuingia, panya hawezi kutoka.

Tuje kwa dubu. Dubu mweusi wa Minnesota huingia maficho Oktoba au Novemba na kutoka Machi au Aprili. Si lazima pango; chini ya mizizi ya mti ulioanguka, rundo la matawi, hata shimo la kawaida ardhini. Katika muda huo hali, hanywi, hakojoi, haendi haja kubwa. Akiba aliiweka vuli, alipokuwa akila hadi kalori 20,000 kwa siku, na atatoka amepungua robo ya uzito hivi, jike mwenye watoto zaidi. Maji anayapata kwenye shahamu yenyewe inapounguzwa, na uchafu ambao ungekuwa mkojo unavunjwa na kurudishwa kujenga protini, ndiyo sababu misuli yake haiishi kama ya mgonjwa aliyelala kitandani miezi 5.

Watafiti wa Alaska waliowapima dubu weusi na kutoa matokeo mwaka 2011 waliona joto la mwili likipanda na kushuka kati ya nyuzi 30 na 36, huku matumizi ya nguvu yakianguka hadi robo ya kawaida. Moyo unapiga mara chache, kwa mapigo yenye nafasi ndefu katikati. Angalia lakini: nyuzi 30 bado ni joto. Mwili mkubwa wenye manyoya mazito haupoi haraka hata ukizimwa sana, na dubu huyo anaweza kuamka ukimsumbua. Majike huzaa humohumo Januari, vitoto vya gramu 300 hivi, na kuvinyonyesha kwa akiba ileile. Ndiyo maana mtu anayekuta maficho ya dubu anatakiwa kuondoka kimya alikotoka: jike akikurupushwa huweza kuvitelekeza.

Anayelala kikwelikweli ni mdogo zaidi, kindi wa ardhini. Yule wa kaskazini ya Alaska alipimwa na mtafiti Brian Barnes, matokeo yakatoka 1989: joto la ndani ya tumbo lilifika nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na damu haikuganda. Lakini halali mfululizo. Kila baada ya wiki 2 au 3 anajipasha hadi joto la kawaida, anakaa hivyo chini ya siku moja, kisha anazama tena, na mipasho hiyo michache ndiyo inayokula sehemu kubwa ya shahamu yote ya msimu. Kuamka ni ghali. Ukitaka ushahidi wa kusikitisha, ni popo wa Amerika Kaskazini. Kuvu mweupe anayeota puani na kwenye mabawa yao, aliyeonekana kwanza jimbo la New York mwaka 2006 na baadaye akafika Minnesota, anawafanya waamke mara nyingi mno mapangoni. Shahamu inaisha Februari, wadudu wanarudi Mei. Wamekufa kwa mamilioni, na aliyewaua hasa ni kukatizwa usingizi.

Kindi wa kijivu unaowaona wakikimbia kwenye miti ya mtaani hawamo kundi hili. Hao hawalali msimu. Wana kiota cha majani juu mtini au tundu, siku mbaya wanajifungia, wakati mwingine kadhaa pamoja, na wanaishi kwa matunda ya mwaloni waliyoyafukia vuli. Mengine wanayasahau, nayo yanaota.

Wenye damu baridi hawawezi kujipasha, kwa hiyo shida yao ni barafu: fuwele za barafu zikitokea ndani ya seli zinaichana. Chura wa msituni, anayepatikana Minnesota pia, hajichimbii chini sana. Hujifunika kwa majani makavu na kuacha maji ya mwili yagande, karibu theluthi mbili yake. Moyo unasimama, hapumui, ukimgusa ni mgumu. Mara ngozi inapoanza kuganda, ini lake linamwaga sukari nyingi kwenye damu, sukari inaingia kwenye seli, na barafu inabaki nje ya seli, kwenye nafasi zilizo katikati. Majira ya kuchipua anayeyuka, moyo unaanza, na baada ya siku moja hivi anaruka. Wa Alaska wamestahimili hadi nyuzi 16 chini ya sifuri. Wadudu wengi hutumia gliseroli kwa kazi hiyohiyo. Wavuvi wa barafu wa Minnesota huwatafuta mabuu waliomo ndani ya vivimbe vya mashina makavu ya maua ya porini na kuwafanya chambo.

Samaki hawajaenda popote. Maji yana tabia ya kipekee: huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo maji ya nyuzi 4 yanazama na ya sifuri yanabaki juu na kuganda. Ziwa lenye kina linabaki na chumba cha nyuzi 4 chini, na samaki humo wanapunguza mwendo na kula kidogo. Kobe wa maji wenye michirizi myekundu na ya njano wanakaa palepale chini, zaidi ya miezi 3 bila kuvuta pumzi. Asidi inayojikusanya kwenye misuli inapozwa makali na madini yanayotoka kwenye gamba lao.

Hatari ya samaki ni kukosa hewa. Theluji nzito juu ya barafu inazuia mwanga, mimea ya majini inaacha kutoa oksijeni na kuanza kuoza, na kuoza kunakula oksijeni iliyobaki. Ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita samaki wengi wanakufa, na unawaona Aprili barafu inapoyeyuka wakielea kando. Maziwa yenye kina kifupi ndiyo huumia, na baadhi huwekewa mashine za kupuliza hewa. Mashine hizo huifanya barafu ya karibu iwe nyembamba sana, na huwekewa mabango. Hili linawahusu watoto wako moja kwa moja: walipo bata wanaoogelea, barafu ya pembeni haiaminiki hata kama gari limepita mita 200 kutoka hapo. Kutembea kwa miguu kunataka barafu mpya, safi, ya sentimita 10 angalau, na unene hutofautiana ndani ya ziwa moja.

Sasa swali lako mwenyewe, chakula. Kwa ndege wa bustani jibu ni ndiyo, kinasaidia, kwa masharti. Watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple waliwafuatilia chikadii jimbo jirani la Wisconsin na kuchapisha 1988: kati ya waliowekewa chakula na watu, asilimia 69 waliumaliza msimu wakiwa hai, kati ya wasiowekewa asilimia 37, na tofauti ilitokea hasa miezi yenye siku nyingi za chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Baadaye waliwaondolea chakula ndege waliozoea kulishwa miaka mingi, na hawakufa zaidi ya wengine. Kwa hiyo ule usemi kwamba ukianza kuwalisha hutaweza kusafiri tena, kwa chikadii hauna msingi. Wanaendelea kujitafutia porini chakula kingi hata chombo kikiwa kimejaa.

Nunua mbegu za alizeti nyeusi, ndogo, zile za kukamua mafuta: ganda ni jembamba na kiini kina mafuta mengi. Mifuko ya mchanganyiko ya bei nafuu imejaa mtama mwekundu ambao ndege wengi wa huko wanautupa chini, unaoza, unaita panya. Ongeza shahamu mbichi ya ng'ombe, ile nyeupe inayozunguka figo. Waulize wauza nyama, huwa bei ndogo. Itie kwenye wavu wa waya na uitundike mahali pa kivuli. Karanga ziwe bila chumvi na bila ukungu, maana sumukuvu huua ndege kama inavyodhuru watu. Mkate, ubwabwa, na mabaki yenye chumvi au viungo visiwekwe: vinajaza tumbo dogo kwa kitu chenye mafuta haba, na usiku una saa 15. Jaza chombo jioni ili kunapokucha kisiwe kitupu, saa ambayo akiba yao imefika chini kabisa.

Chombo kiwe chini ya mita 1 kutoka kioo cha dirisha au zaidi ya mita 9. Katikati ya hapo ndege huruka kwa kasi inayotosha kujivunja shingo kwenye kioo. Kichaka cha kukimbilia kiwe umbali wa mita 3 hivi. Kikiwa karibu zaidi, paka anajificha humo. Kila wiki 2 mwaga mbegu zilizobaki, sugua, loweka dakika 10 kwenye maji vipimo 9 na jiki kipimo 1, suuza, kausha kabisa ndani ya nyumba kabla ya kujaza. Fagia maganda chini. Ukiona ndege mgonjwa kama nilivyomweleza, au aliyekufa, ondoa vyombo vyote wiki 2 ili watawanyike. Ukiishi kaskazini kwenye dubu, ondoa kuanzia Aprili hadi katikati ya Novemba. Chombo cha kilo 3 za alizeti kwa dubu ni mlo wa dakika chache, naye atarudi.

Maji yanahitajika kama mbegu, na huko yote yamekuwa barafu. Ndege anaweza kula theluji, lakini kuiyeyusha tumboni kunamgharimu joto. Yapo mabeseni ya umeme yanayojizima maji yakiwa juu ya sifuri. Weka jiwe katikati ili wasimame bila kulowa, na kina kisizidi sentimita 5. Kamwe usitie chumvi, gliserini wala maji ya rejeta ili yasigande. Ya rejeta ni sumu tamu, na mbwa wa jirani atakufa kwanza.

Bata waacheni. Mkate unawashibisha bila kuwalisha, na ukiwazoesha wanabaki kwenye kidimbwi ambacho siku ya baridi kali kitaziba kabisa, wakati wangeweza kuruka kusini kwenye mto ulio wazi.

Kulungu ndiyo marufuku kubwa zaidi, nami nalisema kwa ukali kwa sababu wanaofanya hivi wana nia njema. Wakati wa baridi tumbo la kulungu lina vijidudu vya kusaga vijiti na magome. Ukimmwagia mahindi Januari, wanga unachacha ghafla, tumbo linajaa asidi, na kulungu anakufa ndani ya siku 1 hadi 3 akiwa ameshiba. Vijidudu vinahitaji wiki 2 au zaidi kuzoea chakula kipya, muda ambao yeye hana. Isitoshe, kulungu wakikusanyika penye rundo moja hupeana kwa mate ugonjwa wa kukonda usio na tiba, na wilaya nyingi za Minnesota zimekataza kisheria kuwalisha. Anachohitaji ni kutofukuzwa: hukaa kwenye vichaka vya misonobari bila kwenda popote ili asitumie akiba, na mbwa anayemkimbiza mara mbili kwa siku anamwibia chakula asichoweza kukirudisha. Mfunge mbwa kamba msituni kuanzia Januari hadi theluji iishe.

Na mkimkuta popo darini au kwenye chumba cha chini Januari, msimguse kwa mikono mitupu, kwani baadhi wana kichaa cha mbwa. Kama amekutwa chumba alimolala mtu, msimfukuze nje kabla ya kupiga simu idara ya afya, kwa kuwa huenda wakataka apimwe. Kama hakuna aliyekuwa karibu naye, kumtoa nje usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri ni kumuua. Vaeni glavu nzito za ngozi, mfunikeni kwa kopo, telezesheni karatasi ngumu chini yake, na mpigie kituo cha kuhudumia wanyamapori wamchukue.